AGPO, ISO 9001, alama ya KEBS au cheti cha 3.1: muuza vifaa vya viwandani aanze na kipi?

Fungua faili la msambazaji yeyote anayeuzia viwanda kati ya Nakuru na Busia, utakuta vyeti vinne au vitano vimepangwa kwenye mifuko ya plastiki, chenye rangi nyingi kikiwa juu. Ofisa ununuzi anavipekua, anatia tiki, na mzigo unaingia stoo. Lakini vyeti hivyo havijibu swali lilelile. Kimoja kinasema kampuni ni ya nani. Kingine kinasema ofisi inaendesha kazi zake kwa utaratibu. Cha tatu kinasema bidhaa ya aina hii, ikitoka kwa mtengenezaji huyu, imepimwa. Na ni kimoja tu, cha 3.1, kinachozungumzia kile chuma kilicholala mbele yako. Muuzaji akivichanganya analipia karatasi asiyoihitaji. Mnunuzi akivichanganya anafunga bomba la maji kwenye laini ya mvuke.

Umiliki: asilimia 70 au 51?

AGPO, mpango wa serikali ya Kenya wa kuyafungulia makundi maalumu mlango wa tenda za umma, ilizinduliwa mwaka 2013, nayo inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka mambo mawili kwa pamoja: angalau asilimia 70 ya wenye kampuni watoke katika kundi husika, na uongozi wote, yaani asilimia 100, uwe wa kundi hilo. Hilo la pili ndilo linalowaangusha wengi. Mama ana hisa 70, mume ana 30. Hapo hakuna tatizo. Ila mume akiwa ameandikwa pia kuwa mkurugenzi, ombi linakwama. Kwanza aondolewe kwenye orodha ya wakurugenzi kupitia eCitizen, CR12 mpya, yaani hati ya msajili inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa, itoke ikionesha hivyo, ndipo ombi liingizwe. Kwa vijana, hesabu ni umri: kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Kampuni ya marafiki watatu inaweza kupata cheti leo, na ikifika siku ya kukihuisha wawili wakawa wamevuka umri.

Cheti chenyewe hakilipiwi na kinadumu miaka 2. Anayekuomba "kitu kidogo" ili akusajilie anauza kitu kinachotolewa bure. Kwa duka dogo, faida kubwa haiko hata kwenye ile asilimia 30, iko kwenye dhamana ya tenda: katika tenda zilizotengewa makundi haya huwekewi sharti la kupeleka dhamana ya benki, unajaza na kutia sahihi fomu ya tamko badala yake. Pesa ambayo ingelala benki wiki kadhaa inabaki kununulia mzigo.

Kizuri chajiuza, husemwa, lakini kwenye tenda ya umma lazima kwanza kiruhusiwe kuingia mlangoni. AGPO ni ruhusa ya mlangoni tu. Hakuna atakayekuja kwa niaba yake kuangalia kama bolti zako ni za daraja la nguvu la 8.8 kweli.

Tena mlango huo ni wa wanunuzi wa umma: serikali za kaunti, kampuni za maji kama KIWASCO na NAWASSCO, KenGen kule Olkaria. Kaunti zina sharti la ziada la kuwapa wakazi wake angalau asilimia 20 ya ununuzi, hivyo muuzaji wa Kisumu anaweza kubeba sifa mbili kwa wakati mmoja, ya kundi na ya ukazi. Kiwanda binafsi hakibanwi na lolote kati ya hayo. Wanaouzia ukanda wa miwa wameliona hilo karibu: mwaka 2025 viwanda vya serikali vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Aliyekuwa ameegemea AGPO peke yake kwa wateja hao alijikuta na cheti halali ambacho mnunuzi mpya halazimiki kukiuliza.

Kwa upande wa kampuni za kimataifa, cheti kinacholingana na hicho kwa wanawake ni cha WEConnect International. Kipimo chake ni asilimia 51, na wanawake wawe ndio wanaomiliki, wanaosimamia na wenye kauli ya mwisho. Ukiviweka viwili hivi kando kwa kando utaona tofauti ya ajabu kidogo. Kampuni yenye hisa 55 za mwanamke inafaa WEConnect na haifai AGPO. Kampuni yenye hisa 75 za mwanamke inafaa AGPO kwenye karatasi, lakini ikiwa anayeijua bei, anayesaini hundi na anayejibu maswali ya mkaguzi ni shemeji, WEConnect itaikataa, maana huko wanahoji nani anaendesha. Pia usichanganye kujisajili na kuthibitishwa. Kujisajili kwenye orodha yao ni kujieleza mwenyewe. Cheti kinakuja baada ya hati kukaguliwa na biashara kutembelewa. Mnunuzi mkubwa anajua tofauti hiyo.

Chini ya vyote viwili iko ile CR12. Tangu kanuni za 2020, kampuni pia inatakiwa kuwaandikisha kwa msajili wamiliki halisi, yaani kila mtu mwenye asilimia 10 ya hisa au zaidi, au mwenye uwezo wa kuiongoza kampuni kwa njia nyingine. Hapo ndipo mchezo wa kukodi jina la dada au la kijana wa mtaani unapogundulika. Adhabu ya kudanganya kwenye tenda za umma si ya siku mbili: kufungiwa kunaanzia miaka 3.

ISO 9001: utaratibu wa ofisi, si ubora wa bomba

ISO yenyewe haimpi mtu cheti. Inaandika kiwango, na toleo linalotumika ni la 2015, lenye nyongeza ya 2024 kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Wanaotoa vyeti ni mashirika ya ukaguzi, KEBS, shirika la viwango la Kenya, likiwa mojawapo, nayo yanatakiwa yawe na ithibati. Nchini Kenya chombo cha ithibati ni KENAS. Cheti kinadumu miaka 3 na ukaguzi wa ufuatiliaji hufanywa kila mwaka.

Kwa mnunuzi, sehemu ya kusoma kwanza si nembo, ni mstari wa upeo. Cheti kikisema "uuzaji wa vifaa vya ofisi na usafi", hakizungumzii mabomba ya mvuke hata kama kampuni ni ileile. Kikisema "usambazaji wa bidhaa kwa jumla", hakijasema kitu. Kisha angalia tarehe, anwani ya tawi, na nembo ya chombo cha ithibati kando ya ile ya mkaguzi. Namba ya cheti inaweza kutafutwa kwenye IAF CertSearch, hifadhidata ya kimataifa ya vyeti mtandaoni. Isipoonekana, mwandikie mkaguzi aliyekitoa moja kwa moja, si kupitia muuzaji.

Kwa muuzaji, kazi yenyewe ni hii: chora mtiririko wa kazi toka ombi la bei hadi mzigo kupokelewa, weka namna ya kuchagua na kupima wanaokuuzia, weka rekodi inayounganisha kila mzigo na karatasi zake, peleka vipimo vyako, yaani venia, mikromita na mizani, vikalinganishwe na kipimo rejea, fanya ukaguzi wa ndani na kikao cha uongozi, halafu ndipo mkaguzi wa nje aje kwa awamu mbili. Duka ambalo halibuni bidhaa linaweza kueleza kwa nini kifungu cha 8.3 cha usanifu hakilihusu. Kifungu cha 8.4, kinachohusu wanaokuuzia wewe, hakikwepeki, na ndicho kinachowaumbua wauzaji wengi: wana orodha ya "wasambazaji walioidhinishwa" lakini nusu ya mzigo ulinunuliwa Nairobi kwa mtu asiyekuwamo.

Muda wa ukaguzi haukisiwi. Jedwali linalotumiwa na mashirika ya ukaguzi duniani linaanzia siku 1.5 za mkaguzi kwa kampuni ya watu 1 hadi 5, siku 2 kwa watu 6 hadi 10, na siku 3 kwa watu 16 hadi 25, ingawa hupunguzwa au kuongezwa kwa sababu zinazoandikwa. Kwa hiyo mtu anayekupa cheti kwa barua pepe bila kukanyaga dukani anakuuzia picha. Na anayekuandalia mfumo haruhusiwi kuwa ndiye anayekukagua. Akijitolea kufanya vyote viwili kwa bei moja, funga mazungumzo.

Je, duka la watu wanne pale Nakuru linahitaji ISO 9001? Kwa kawaida hapana, mpaka mteja mmoja mkubwa aandike kwamba bila hicho hanunui. Kabla ya siku hiyo, pesa ileile inanunua mikromita nzuri, mizani ya stoo na kabati la mafaili. Mkaguzi akija baadaye atavikuta vyote vinahitajika.

Bidhaa: alama ya KEBS na cheti cha 3.1

Hapa ndipo pesa inapopotea na watu wanapoungua, kwa hiyo tukae kidogo.

Alama ya ubora ya KEBS kwa bidhaa za ndani hutolewa kwa mtengenezaji, kwa kila bidhaa na jina lake la biashara. Muuzaji hana alama yake mwenyewe. Anauza bidhaa yenye alama ya mwingine. Kuihakiki ni kazi ya dakika moja: tuma SM#, ikifuatwa na namba ya kibali, kwenda 20023. Jibu likitaja bidhaa tofauti na iliyo mkononi mwako, namba imeazimwa. Kwa bidhaa za kutoka nje, uliza cheti cha uthibitisho kilichotolewa kule zilikotoka, chini ya mpango wa PVoC ulioanza 2005. Kwa saruji, mabati na nondo za jengo, alama hiyo inatosha kwa ununuzi mwingi. Alama ya almasi ni hatua ya hiari juu ya hapo.

Lakini alama ya KEBS haikuambii bomba hili lilitoka kwenye myeyuko upi, yaani mkupuo upi wa chuma kilichoyeyushwa pamoja. Kwa chochote kinachobeba mvuke, shinikizo au mzigo wa kuning'inia, karatasi inayohitajika ni cheti cha ukaguzi kwa mujibu wa EN 10204, kiwango cha Ulaya cha hati za bidhaa za chuma. Kiko cha daraja nne. Cha 2.1 ni tamko tupu la mtengenezaji kwamba bidhaa inalingana na oda. Cha 2.2 kina namba za majaribio, ila si lazima ziwe za mzigo wako. Cha 3.1 kina majaribio ya kundi lenyewe, na kimesainiwa na mkaguzi wa mtengenezaji asiye chini ya idara ya uzalishaji. Cha 3.2 kinaongeza sahihi ya mkaguzi wa mnunuzi au wa nje. Tofauti kati ya 2.2 na 3.1 ni tarakimu tu kwenye kona ya juu ya karatasi, na ndiyo tofauti inayorukwa kila siku.

Chukua bomba la inchi 2, skejuli 40 (yaani daraja la unene wa ukuta), lisilo na mshono, la kiwango cha ASTM A106 daraja B. Kipenyo cha nje ni milimita 60.3 na ukuta ni 3.91. Bomba la maji la inchi 2 lina kipenyo cha nje kilekile, ndiyo maana jicho halisaidii. Pitisha kidole ndani ya mdomo: ukihisi uzi wa mshono, si lisilo na mshono. Usipouhisi usishangilie bado, kwa sababu mshono wa ndani unaweza kukwanguliwa. Pima ukuta kwa mikromita sehemu nne kuzunguka mdomo. Kiwango kinaruhusu upungufu wa asilimia 12.5, hivyo chini ya 3.42 ni kukataa. Kisha soma cheti. Namba ya myeyuko iliyopigwa kwenye bomba lazima iwe ileile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Shuka hadi safu ya kemikali: A106 daraja B hutaka kaboni isizidi asilimia 0.30 na silikoni isipungue asilimia 0.10. Ukiona silikoni ni 0.03, karatasi imejisaliti yenyewe. Huenda ni bomba la A53, kiwango kisicho na kima cha chini cha silikoni, lililobandikwa jina la mwenzake. Na matokeo yakilingana kabisa na mipaka ya kiwango, kaboni 0.30 kamili, nguvu ya kuhimili kuvutwa MPa 415 kamili, mtu amenakili jedwali la kiwango badala ya kupima.

Bolti nazo zina hila yake. Kichwani pawe na 8.8 na alama ya mtengenezaji, vyote viwili. M20, yaani bolti ya kipenyo cha milimita 20, ya 8.8 hukatika kuanzia kilonyutoni 203. M20 ya 4.6 kuanzia 98. Ni chini ya nusu, na kwa macho ni bolti moja. Kwa shaka, kata moja na kuipima ugumu: kwa M20 ya 8.8 usomaji unatakiwa uwe kati ya 23 na 34 HRC, kipimo cha ugumu cha Rockwell.

Kwa wenye kuuzia viwanda vya maziwa, mtego ni stenlesi. Bati la 304 lina nikeli asilimia 8 kwenda juu. La 201 lina 3.5 hadi 5.5, pengo likizibwa na manganizi. Sumaku haitenganishi hizo mbili, zote karibu hazivutwi. Inatakiwa bunduki ya kusoma madini, au matone ya kemikali ya kupima manganizi. Bati la 201 likikaa miezi kadhaa kwenye dawa za kuoshea zenye klorini huanza vidoa vya kutu kando ya maungio ya kulehemu. Na anayeuzia visima vya jotoardhi Olkaria akumbuke gesi ya salfidi hidrojeni: huko chuma cha kaboni kikizidi ugumu wa 22 HRC kinaweza kupasuka ghafla, na kiwango cha kutajwa kwenye oda ni ISO 15156.

Kotesheni mbili mezani

Tuseme kiwanda cha sukari kinataka mita 120 za bomba hilo la inchi 2 kabla ya msimu wa matengenezo. Ni vipande 20 vya mita 6.

Kotesheni ya kwanza ni ya duka la mama mmoja Kisumu. Ana AGPO, hana ISO. Ameambatisha cheti cha 3.1 chenye namba mbili za myeyuko, ameandika vipande 12 ni vya namba ya kwanza na 8 ni vya pili, na amekubali mzigo urudi kwa gharama yake ukikataliwa. Kotesheni ya pili ni ya kampuni ya Nakuru yenye ISO 9001, upeo "bidhaa kwa jumla", nafuu kwa asilimia 12, na cheti chake ni cha 2.2.

Kama bomba linaenda kwenye mvuke, ya pili haishindani, hata ikiwa nafuu maradufu. Mkaguzi wa boila aliyeidhinishwa na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, akiuliza chuma kilitoka wapi, 2.2 haina la kumjibu. Kama ni reli ya ngazi au maji ya kunyunyizia lori, nunua ya pili na uendelee na siku yako. AGPO ya mama huyo haikuingia kwenye uamuzi kwa kuwa kiwanda ni binafsi. Kilichoingia ni ile karatasi ya 3.1 na ule mgawanyo wa 12 na 8.

Mzigo ukifika, usiupime kwenye mizani ya miwa, hatua zake ni kubwa mno kwa kazi hii. Tumia mizani ya stoo, vipande vitano vitano. Bomba hili lina kilo 5.44 kwa mita, hivyo vitano ni kilo 163 na vyote 20 ni 653. Kiwango kinaruhusu upungufu wa asilimia 3.5, jumla ikisoma chini ya 630, mpigie muuzaji kabla lori halijaondoka. Dereva akisema ana haraka ya kurudi, mwambie asubiri.

Kwa mpangilio gani?

Unayeuza hasa kwa kaunti na kampuni za maji, na unatimiza masharti kwa kweli: anza na AGPO, ni bure. Unayeuza kwa viwanda binafsi: anza na tabia ya 3.1, yaani usinunue mzigo wa shinikizo bila hicho, na iandike kwenye kila LPO (oda ya ununuzi) unayotoa wewe mwenyewe, "cheti cha EN 10204 3.1 kije pamoja na mzigo", kwa sababu kukiomba baada ya malipo ni kuomba hisani. Unayetengeneza kitu chako mwenyewe, hata kama ni mageti na matangi: KEBS kwanza. WEConnect na ISO 9001 zifuate mteja mwenye jina na oda, si matumaini.

Halafu kuna kalenda. AGPO miaka 2, ISO 3 na ukaguzi kila mwaka, cheti cha kodi cha KRA miezi 12, vipimo vya stoo kulinganishwa mara moja kwa mwaka. Cheti cha 3.1 hakina tarehe ya kuisha, ila kinakufa kwa njia nyingine. Mteja anataka mita mbili, fundi anakata upande wenye maandishi, na mita nne zinazobaki kwenye rafu hazina namba. Kabla msumeno haujagusa bomba, andika namba ya myeyuko kwa kalamu ya rangi kwenye ncha zote mbili za kila kipande, mwenye duka au msaidizi wake ahakiki, ndipo likatwe. Nakala ya 3.1 anayopewa mteja wa mita mbili iwe nzima bila kufutwa jina la mtengenezaji, hata kama unaogopa atakuruka na kununua huko moja kwa moja.